Mkuku na Moyo: Historia ya Gari Lililozaliwa kwa Viungo vya Kuazima

Mwaka 1947, ndugu wawili walitembea kwenye ufuo wa Red Wharf Bay, katika kisiwa cha Anglesey. Kisiwa hicho kimo pwani ya Wales, kimetengwa na bara kwa mlangobahari mwembamba, na wenyeji wake wana lugha yao ya kale ambayo hadi leo huitungia mashairi yenye kanuni kali za sauti na mizani. Mkubwa wa ndugu hao, Spencer Wilks, alikuwa kiongozi wa kampuni ya magari ya Rover. Mdogo wake, Maurice, alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni hiyo hiyo. Yasemekana kwamba Maurice aliinama akachora mchangani umbo la gari la mkulima: fupi, lenye pembe nne, lisilo na pambo lolote. Maji ya bahari yalipojaa, mchoro ule ukafutika. Gari lililotokana nao likaitwa Land Rover.

Chanzo cha mchoro ule kilikuwa gari kuukuu. Maurice alikuwa na shamba upande wa Newborough, katika kisiwa hicho hicho, na kazi za shamba alizifanya kwa Jeep ya jeshi la Marekani iliyobaki baada ya vita. Husimuliwa kwamba kaka yake alimwuliza atafanya nini siku Jeep ile itakapokufa kabisa, naye akajibu kwamba atanunua nyingine, kwani hapakuwa na gari jingine la namna ile. Kwa watu wawili ambao kazi yao ilikuwa kuunda magari, jibu hilo halikuwa la kujivunia.

Hali ya nchi nayo iliwasukuma. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na mzigo wa madeni. Chuma kiligawiwa kwa mafungu, na fungu nono lilikwenda kwa aliyeuza bidhaa zake ng'ambo. Rover ilikuwa imehamia Solihull, katika kiwanda kikubwa kilichojengwa kwa ajili ya injini za ndege za kivita, na kiwanda hicho sasa kilikuwa na nafasi tele na kazi haba. Madini ya alumini, yaliyotumika kwenye ndege, yalipatikana kwa urahisi kuliko chuma. Ndiyo maana bodi ya gari lile ikawa ya alumini, nayo mabamba yake yakanyooka badala ya kupinda, maana mashine za kukunjia mabamba ni ghali. Umbo ambalo leo husifiwa kwa uzuri wake lilitokana na uhaba.

Gari la kwanza kabisa la majaribio halikuwa na chasisi yake lenyewe. Mafundi wa Solihull walitwaa chasisi na ekseli za Jeep, wakaondoa injini yake, wakaifunga injini ndogo ya gari la kifahari la Rover, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,389, pamoja na giaboksi ya Rover. Usukani waliuweka katikati, ili gari liuzike kwa wanaoendesha kushoto na kwa wanaoendesha kulia pia. Gari hilo halipo tena. Lilipokwisha kutoa mafunzo yake lilifunguliwa, na hapana hata kipande chake kimoja kinachojulikana kwa yakini kuwa kimebaki.

Hivyo basi, kazi ambayo leo hufanywa chini ya mwembe na makanika mwenye spana, tindo na mashine ya kuchomelea, ya kung'oa injini ya gari la kale na kuweka ya gari jingine, ndiyo kazi iliyoizaa Land Rover. Kabla haijawa na jina, ilikwisha kubadilishwa moyo.

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Yafaa kuitazama methali hiyo kwa makini katika habari hii, kwani hata aliyeazimwa naye alikuwa ameazima. Jeep ilizaliwa mwaka 1940, pale jeshi la Marekani lilipotaka gari jepesi la magurudumu manne yanayosukumwa yote, na likatoa siku 49 tu kwa gari la kwanza kukamilika. Kampuni ndogo ya Bantam, iliyokuwa taabani kwa ukata, ilikubali. Mhandisi Karl Probst alichora ramani zake kwa siku chache, na gari likafikishwa jeshini tarehe 23 Septemba 1940. Katika muda huo hapakuwa na nafasi ya kubuni kila kitu. Injini ilitoka kwa kampuni ya Continental. Ekseli zilitoka Spicer, zikiwa zimerekebishwa kutokana na zile za gari dogo la abiria la Studebaker. Baadaye kampuni ya Willys iliipata zabuni kubwa, na sababu moja iliyoipa ushindi ni injini yake, ambayo mhandisi Delmar Roos alikuwa ameinyanyua kutoka nguvu za farasi 48 hadi 60. Kufikia mwisho wa vita, Willys na Ford walikuwa wameunda zaidi ya magari 600,000 ya namna hiyo.

Kwa hiyo anayeutafuta mzizi wa gari hili atakuta mzizi juu ya mzizi. Chini ya Land Rover imo Jeep. Chini ya Jeep imo Studebaker ya kwendea sokoni.

Land Rover ilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Wakati huo ilikuwa na chasisi yake yenyewe, ya mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakafanya umbo la sanduku refu. Injini yake, ya lita 1.6 na nguvu za farasi 50, ilikuwa ile ile ya gari la kifahari la Rover la wakati huo. Kipimo kimoja hakikubadilika: kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha gurudumu la nyuma zilikuwa inchi 80, kama za Jeep. Wakuu wa kampuni walilifikiria kuwa gari la kupitishia miaka michache ya dhiki. Mwaka 1976 liliundwa la milioni moja.

Afrika Mashariki ililijua gari hili tangu ujana wake. Liliwachukua maofisa wa utawala wa kikoloni, mabwana nyama, wamisionari na watafiti. Na baada ya uhuru likawachukua mabwana shamba, waganga wa wilaya na viongozi wa serikali mpya. Katika miaka ya 1970 yaliunganishwa pia Thika, nchini Kenya. Hata hivyo, barabara zilizolipa sifa ndizo zilizolivunja, na kiwanda kilichotengeneza vipuri vyake kilikuwa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, Tanzania ilipobanwa na ukosefu wa fedha za kigeni, kipuri halisi kilikuwa kama lulu. Injini ya petroli iliyochoka haikuwa na ya kuipokea zamu, isipokuwa ile iliyokuwapo: ya dizeli, aghalabu ya Kijapani, iliyotolewa katika gari jingine lililopata ajali au lililooza bodi. Fundi hakuchagua kati ya cha asili na cha kigeni. Alichagua kati ya gari liendalo na gari linalofugiwa kuku.

Wasioijua kazi hiyo hudhani kwamba ni kung'oa kimoja na kupachika kingine. Sivyo. Nguvu ya injini hupitia klachi, ikaingia giaboksi, ikagawanywa mbele na nyuma na sanduku la pili la gia, ikasafiri kwa propela hadi kwenye difu; na difu ndiyo huigeuza kona na kuipeleka kwenye shafti za pembeni zinazozungusha magurudumu. Kila kituo chenye gia za kupunguza mwendo huukuza msukumo wake. Katika Land Rover ya Series III, gia ya kwanza ikiunganishwa na gia ndogo za sanduku la pili na meno ya difu, gurudumu huzunguka mara moja wakati injini imezunguka takriban mara 40. Maana yake ni kwamba msukumo wa injini hufika magurudumuni ukiwa umezidishwa karibu mara 40, ukiacha kile kinachopotea njiani. Anayeongeza kidogo mbele anaongeza kingi nyuma.

Hapo ndipo penye sheria kuu ya kazi hii: udhaifu hauondoki, bali huhama. Ukitia injini yenye nguvu, klachi huteleza. Ukiimarisha klachi, meno ya giaboksi hulalamika. Ukibadilisha giaboksi, ile mpya huwa ndefu kuliko ya kale, na propela ya nyuma hutakiwa ikatwe na ya mbele irefushwe. Ukimaliza hayo yote ukaingia kwenye matope, utasikia mlio mmoja mkavu kama wa kuni iliyovunjwa gotini, nayo ni shafti ya nyuma iliyokatika. Shafti za Land Rover za zamani zilikuwa na sifa mbaya ya kukatika hata kwa injini zao za asili. Kampuni yenyewe iliukiri udhaifu huo pale ilipozifunga Land Rover ndefu za Series III ekseli ya nyuma ya Salisbury, nene na nzito, iliyotokana na muundo wa Kimarekani.

Kuna na suala la mwendo. Difu ya Land Rover za zamani ilikuwa na uwiano wa 4.7 kwa 1, yaani propela huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Uwiano huo ulifaa kwa injini ndogo ya petroli na mlima mkali. Injini ya dizeli isiyopenda kuzunguka kwa kasi, ikifungwa difu hiyo, hupiga kelele na gari halifiki popote. Mafundi wakagundua kwamba difu ya Range Rover, yenye uwiano wa 3.54, huingia katika nyumba ya ekseli ile ile ya kale bila kukatwa kitu. Gari likapata mwendo na injini ikapumua. Ila kila faida ina ushuru wake: gari lile halipandi tena kilima kwa wepesi wa zamani. Fundi mwema humwuliza mwenye gari kwanza anakaa wapi na anabeba nini, kisha ndipo ashike spana.

Kisa cha injini mashuhuri kuliko zote katika historia ya gari hili kinawahusu watu wa bahari. Kati ya mwaka 1961 na 1963, kampuni ya Buick ya Marekani iliunda injini ya silinda nane, yenye ujazo wa lita 3.5, iliyosubuwa kwa alumini. Ilikuwa nyepesi ajabu, lakini ghali kuiunda na yenye matatizo kiwandani, na wenyewe wakaitupa kando baada ya miaka mitatu. Punde baadaye J. Bruce McWilliams, aliyesimamia biashara ya Rover huko Marekani, alizuru karakana ya Mercury, waunda injini za boti, katika mji wa Fond du Lac, jimbo la Wisconsin. Alikwenda kuwauzia injini za Rover. Badala yake akaiona ile ya Buick, ikiwa imetolewa katika gari ili ijaribiwe kwa kazi ya majini. Mwaka 1965 Rover ilipata haki ya kuiunda, na Joe Turlay, mhandisi wa Buick aliyeifahamu kwa undani, akaenda Uingereza kuwasaidia.

Injini iliyokataliwa na wenyewe, na iliyokuwa njiani kuingia majini, iliwekwa katika Range Rover mwaka 1970 ikalipa gari hilo heshima yake. Kwa wengi, mlio wake ndio mlio wa Uingereza yenyewe, ilhali ilisubuliwa kwanza Marekani.

Mwaka 1979 kampuni iliifunga injini hiyo hiyo katika Land Rover ya kazi. Ikaifunga kwa hadhari: nguvu zake zilibanwa hadi farasi 91 tu, na pamoja nayo ilikuja giaboksi ya Range Rover inayosukuma magurudumu yote manne wakati wote. Wahandisi wa Solihull walitii sheria ile ile anayoitii makanika wa mtaani: moyo mkubwa hauwekwi peke yake katika mwili usioandaliwa. Huko Australia, jeshi lilipoagiza Land Rover zake za mradi ulioitwa Perentie katika miaka ya 1980, zilifungwa injini ya dizeli ya Isuzu ya Japani, yenye ujazo wa lita 3.9. Jambo ambalo kwa mtu maskini huitwa kuchakachua, kwa serikali tajiri liliitwa zabuni.

Swali linalobaki ni la zamani kuliko magari. Ikiwa injini ni ya mwingine, giaboksi ni ya mwingine, na ekseli ni za mwingine, gari lenyewe ni lipi? Watunga kanuni nao walilazimika kulijibu. Kwa miaka mingi utaratibu wa usajili wa magari nchini Uingereza ulilipima gari lililobadilishwa sana kwa alama. Chasisi ya asili ilipewa alama 5. Springi na viungo vyake, ekseli, mfumo wa gia na mfumo wa usukani vilipewa alama 2 kila kimoja. Injini ilipewa alama 1. Gari lililokusanya alama 8 lilibaki na namba yake ya zamani. Lililopungukiwa lilihesabiwa kuwa limekuwa kitu kingine. Ajabu ya mizani hiyo ni kwamba injini, ambayo kila mtu huiita moyo, ndiyo iliyopewa uzito mdogo kuliko vyote. Gari liliruhusiwa kubadilishwa moyo likabaki lenyewe. Lililobadilishwa mifupa ndilo lililotiliwa shaka.

Jibu hilo halingemshangaza fundi wa majahazi. Jahazi lililodumu miaka 60 halina ubao uliodumu miaka 60. Mbao hutolewa moja moja zikaoza ufukweni, mataruma hubadilishwa, tanga huchanika likashonwa jingine, foromali huvunjika. Na katika karne iliyopita mengi yalitiwa mashine ya dizeli nyuma, tanga likawa la akiba. Jina halikufutwa. Maadamu mkuku ni ule ule na umbo lililokusudiwa na aliyeliunda limehifadhiwa, mabaharia huliita jahazi lile lile. Chasisi ndiyo mkuku wa gari.

Wala jibu hilo si geni kwa wapenzi wa lugha. Kiswahili kimepokea maneno kutoka Arabuni, Uajemi, Uhindi, Ureno na Uingereza. Gereji nzima imejaa maneno ya kupokea: injini, gia, springi, bolti, klachi. Lakini yakishaingia, huvikwa viambishi vya Kibantu na kutii upatanisho wa Kibantu: bolti zimelegea, gia zimesagika, klachi yake inateleza. Sarufi ndiyo mkuku. Na wale waliozozana katika miaka ya 1970 juu ya vina na mizani walikuwa, kwa namna yao, wakizozania alama za usajili: upande mmoja ukisema kwamba shairi likipoteza vina limekuwa kitu kingine, upande wa pili ukisema kwamba moyo mpya haulifuti shairi. Mzozo huo haukuwa wa upuuzi, kwani kila upande ulikuwa na kitu ulichokiogopa kukipoteza.

Tarehe 29 Januari 2016, kiwanda cha Solihull kiliunda Land Rover ya mwisho ya ukoo ule wa mwaka 1948, ambao kwa wakati huo uliitwa Defender. Tangu hapo bei za magari ya kale zimepanda, na pamoja nazo umepanda ushabiki wa asili. Mwaka huo huo kampuni ilianza kuuza Land Rover za kwanza zilizofufuliwa kwa vipimo vya kiwandani, hadi rangi. Miaka miwili baadaye, mwaka 2018, kampuni hiyo hiyo ilitwaa Defender 150 zilizokwisha tumika, ikazifunga injini mpya ya silinda nane yenye lita 5 na giaboksi ya gia nane zinazojibadilisha zenyewe, ikaziuza kwa bei ya nyumba. Mkono mmoja ulikuwa ukirudisha asili, mkono wa pili ukiibadilisha, na vyote viwili vikiitwa heshima kwa urithi.

Katikati ya mikono hiyo miwili amesahauliwa mtu mmoja. Ni fundi wa Arusha, wa Lamu, wa Bujumbura au wa Kigoma, ambaye kwa miaka 40 aliyafanya yote hayo bila ramani wala mashine ya kupimia, akikata bamba la kuunganishia injini ngeni na giaboksi ya kale kwa tindo na macho yake. Kosa la nywele moja katika bamba hilo lingekula klachi kwa wiki moja. Kazi yake haikuandikwa. Mnunuzi wa leo anapolikagua gari na kukuta injini si yake, hulikunjia uso na kulipunguzia bei; haulizi ni nani aliyeifanya injini ile ikubaliane na mwili ule kwa miaka 20, na kwa akili gani. Wakati gari linarudishiwa injini ya asili iliyonunuliwa ng'ambo, bamba la fundi hutupwa kwenye vyuma chakavu, na elimu iliyokuwamo huenda nalo.

Hasara hiyo si ndogo, kwani zamu nyingine imekwisha anza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010, magari ya kuwatembezea watalii katika mbuga za Kenya na Tanzania yameanza kung'olewa injini za dizeli na kuwekewa mota za umeme na betri. Mota ya umeme hutoa msukumo wake wote tangu mzunguko wa kwanza, na msukumo huo utapita kwenye difu na shafti zile zile za zamani. Sheria haijabadilika: udhaifu utahama. Anayejua utahamia wapi ni yule aliyewahi kusikia shafti ikikatika matopeni.

Methali ya wahenga basi yataka kuongezewa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo ya asiyejua kushona. Aliyejua, aliipima, akaikata, akaishona upya hata ikawa yake. Hivyo ndivyo walivyofanya waliopewa siku 49 huko Marekani, na ndivyo alivyofanya Maurice Wilks kwa Jeep yake iliyochoka. Fundi asiye na jina, chini ya mwembe, hakuiharibu asili ya gari lile alipolitia moyo wa gari jingine. Aliirejea kazi iliyoanzia kisiwani Anglesey, na mkononi mwake mlikuwa na urithi wa kweli wa gari hilo kuliko ulivyo katika rangi yake.